Jozi Nne Mlangoni, Watoto Kumi na Wanne Karatasini

Yule mama wa manispaa hakuingia darasani. Alisimama kwenye kibaraza cha chekechea, mkoba kaukumbatia kifuani, mvua inamdondokea begani, akawa anatazama ule ubao ambao watoto hupangia viatu wakivua, kama polisi anavyotazama namba ya gari.

"Jozi nne," akasema.

"Nne, ndiyo," mwalimu Liljeta akamjibu. "Pita ndani, dada, hapo unalowa."

"Karatasi yangu inasema watoto kumi na wanne."

Mimi nilikuwa kando ya stoo napasua kuni za jiko la darasa. Nilikuja kumchukua Ajla, mtoto wa dada yangu, ana miaka minne, na mwalimu Liljeta ana tabia moja: ukifika mapema hakuachi ukae bure, anakukabidhi shoka. Niliposikia hiyo kumi na wanne, shoka lilibaki juu. Namba hiyo naijua. Niliiandika mimi.

Yule mama aliitwa Evisa, wa idara ya elimu, umri wa miaka arobaini hivi, ana sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Akatoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki.

"Sensa ya mwaka jana imetoka," akasema. "Hapa Gurishtë, watoto wa miaka mitatu mpaka mitano, kumi na wanne. Meya anapanga chekechea za manispaa nzima kwa namba hizi. Penye watoto wengi tunaongeza mwalimu. Penye wachache tunafunga, waende kijiji cha jirani. Kwa karatasi hii, mwalimu, nilikuwa nakuletea msaidizi na jiko jipya. Kwa viatu hivi nakufungia. Darasa lisilofika watoto kumi halisimami."

"Mimi nafundisha wanaokuja."

"Na wasiokuja ni akina nani?"

"Ningewajua wangekuwa wanakuja."

"Mwalimu, mambo ni mawili. Ama kuna watoto kumi wamekaa majumbani na wewe unaota moto hapa, ama kuna mtu kapika namba. Karani wa sensa hapa alikuwa nani?"

Mwalimu Liljeta ni mtu mzuri, hakunitazama. Alitazama mvua. Lakini dirishani walikuwa wamejipanga wale wanne wake, na Ajla wetu hana siri.

"Ni mjomba Rigers," akasema. "Yule mwenye shoka."

Evisa akaniita kwa kidole. Nikaweka shoka chini, maana kwenda kuulizwa maswali na shoka mkononi haipendezi.

"Hao kumi ni wa nani?"

"Siwezi kusema, mama."

"Huwezi au hutaki?"

"Nilitia saini. Ya ndani ya nyumba za watu hayatoki. Hata kwako."

"Na kuandika uongo ulitia saini pia?"

Akanitazama usoni, akanitazama viatu, akarudi usoni.

"Alhamisi ijayo narudi," akasema. "Nikute jozi kumi kwenye huu ubao. Nisipozikuta, darasa linafungwa, na barua ya kwenda kwa watu wa takwimu naiandika kwa mkono wangu, jina lako juu."

Akaingia kwenye gari la manispaa akaondoka. Mwalimu Liljeta akasema, "Pasua pasua, Rigers. Alhamisi bado kuna baridi."

Sasa nieleze kilichonitia hofu siku hiyo. Siyo barua. Barua ningeivumilia. Dada yangu Marsela anashona viatu kiwandani kule mjini, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa kumi jioni. Mumewe yuko Ugiriki, tena hata simu siku hizi zimekuwa za sikukuu. Mama yetu magoti yamekufa, hawezi kukimbizana na mtoto wa miaka minne. Chekechea ikifungwa, ya Lugas, kijiji cha jirani, iko kilomita saba na hakuna basi. Kwa hiyo nani anakaa na Ajla? Mimi nimemaliza sekondari mwaka jana, sina kazi, na binamu yangu kanitafutia nafasi ya kuosha magari nje ya nchi, huko Ulm. Basi linaondoka tarehe mbili Novemba. Tiketi ninayo. Umeelewa? Darasa likifungwa, chekechea ni mimi.

Na ubaya wenyewe, nilijua hao kumi wako wapi.

Nyumba ya Bibi Hava ina ghorofa tatu. Ya tatu haijaisha, nondo zimesimama hewani zinasubiri hela za kiangazi, walio nje wakija likizo ya Agosti, na kwenye balkoni kaning'iniza dubu wa kitambaa wa kuzuia kijicho, keshafifia mpaka hajulikani dubu au kondoo. Ghorofa ya pili ni ya mwanawe Gëzim, aliyeko Stuttgart mwaka wa tisa. Mwaka jana nilipofika na kishikwambi changu cha sensa, nilikuta mlangoni jozi mbili za viatu vya mpira, vyeusi, yake na ya mzee wake. Basi. Hata ndala ya mtoto hakuna.

"Mnaishi wangapi hapa, bibi?"

"Saba."

"Saba?"

"Mimi, mzee, Gëzim, mkewe, na watoto watatu. Noel, Leon na yule mdogo, Emili."

"Wako wapi?"

"Wametoka."

"Wametoka tangu lini?"

"Kunywa kahawa, itapoa."

Ilikuwa kahawa yangu ya tisa siku hiyo, moyo unapiga kama pikipiki. Nikamwambia vizuri, kama nilivyofundishwa zile siku mbili mjini, kwamba mtu aliye nje zaidi ya mwaka haandikwi. Akaweka birika chini.

"Kwa hiyo utaandika wazee wawili tu."

"Ndiyo, bibi."

"Utaandika nyumba yangu imezimika."

Hilo neno kwetu halitamkwi. Ukitaka kumlaani adui yako mpaka kizazi, unamwombea nyumba yake izimike. Na mimi nimekaa kwenye sofa lake, nakula karanga zake, nina kidude cha serikali mkononi, nataka niliandike kabisa lifike mji mkuu, Tirana. Akanipandisha ghorofa ya pili. Vitanda vimetandikwa, mashuka yananukia sabuni, taulo tatu ndogo zimekunjwa. Nikaandika saba.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Nyumba tano, zote za hivyo hivyo. Watoto kumi. Nilikuwa naangalia viatu mlangoni, najua, naandika.

Chini mtoni ikawa kinyume chake. Kule wanaishi watu walioshuka kutoka milimani miaka kumi iliyopita, wakajenga bila vibali. Nilifika kwa Luan, kwenye kamba kuna nepi, uwanjani kuna baiskeli ya magurudumu matatu, na ndani mtu mdogo anapiga kelele kwamba hataki supu. Luan kasimama mlangoni kaujaza.

"Watoto?"

"Hakuna."

"Luan, nasikia."

"Redio hiyo."

Nikaandika hakuna. Nilikuwa nimechoka, halafu sheria ilisema uandike kinachosemwa na mwenye nyumba. Ndivyo nilivyojiambia.

Basi jioni ile Marsela alirudi kutoka kazini, vidole vinanuka gundi, akakuta habari imeshafika kabla ya mimi kufungua mdomo. Kijiji chetu kina nyumba sitini, habari haihitaji simu.

"Uliwatoa kichwani?" akaniuliza.

"Nani?"

"Rigers, usinifanye mjinga. Watoto kumi. Ulikaa kwenye baa ukawatoa kichwani ili uwahi kumaliza?"

"Sikuwatoa kichwani."

"Basi ni wa nani?"

"Siruhusiwi kusema."

"Kwa dada yako?"

"Kwa mtu yeyote. Naweza kushtakiwa."

Akacheka ile ya pumzi tu. "Angalia huyu. Miaka kumi na tisa, ana siri za serikali. Nikiacha kazi tutakula siri zako?"

Mama akasema kutoka kwenye kochi, "Mwache, pengine amelipwa."

Mama yangu mzazi. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Kesho yake akaja mzee Bedri, mwenyekiti wa kijiji, na yeye alikuwa na mshukiwa wake. Alidai Evisa ana shangazi Lugas, kwa hiyo hii yote ni njama, wanataka kutunyang'anya darasa walipeleke huko. Baada ya glasi moja ya raki, pombe yetu ya zabibu, akasema hapana, ni mwalimu Liljeta, kachoka, anataka kustaafu, kafukuza watoto. Baada ya ya pili akaniinamia.

"Au ni wewe, mwanangu. Niambie tu. Sitasema."

"Mzee Bedri, kwako niliandika wangapi?"

Akaweka glasi chini. Kwake niliandika watoto wawili, wa binti yake aliyeko Milano. Alinitajia mwenyewe, mpaka miezi ya kuzaliwa.

"Raki yenu nzuri," akasema, akavaa kofia.

Nikaona hivi: mimi siwezi kusema, lakini wao wanaweza. Nikaenda kwa Bibi Hava nikamweleza moja kwa moja. Darasa linakufa. Wewe mwenyewe umwambie yule mama kwamba watoto wako mbali, angalau ajue mwalimu hana kosa.

Alikuwa anafuma. Hakuacha.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Wamekutuma uwafute."

"Bibi, hakuna anayefuta. Sensa imeshafungwa."

"Kama imefungwa, unataka nini kwangu?" Sindano zinagongana tu, tk tk tk. "Wewe unaondoka Novemba. Wote mnaondoka Novemba. Halafu mnarudi kuja kutuuliza kwa nini nyumba tupu. Mama yako anajua tarehe?"

"Anajua." Alikuwa anajua Novemba. Tarehe sikuwa nimemwambia.

"Mm," akasema Bibi Hava. Hakuniletea kahawa. Kwetu ukitoka nyumba ya mtu bila kahawa, umefukuzwa.

Ikabaki mtoni. Nilienda Jumapili mchana, mvua imekatika, Luan anatengeneza paa la banda la mbuzi. Mkewe Zamira alikuwa anaanua nguo. Luan hakushuka kwenye ngazi, alinisemesha kutoka juu.

"Wewe tena. Leo unahesabu mbuzi?"

"Nimekuja kwa ajili ya darasa la mwalimu Liljeta."

"Mwaka jana ulikuja na kidude chako. Ukaniuliza kuta za nini, choo cha ndani au cha nje, nyumba ilijengwa lini. Nikakujibu kistaarabu. Mwezi uliofuata wakaja watu wawili na utepe wakapima nyumba yangu yote. Niambie hao waliijuaje."

"Haihusiani na sensa, Luan."

"Wewe unajua?"

Nilitia saini kwamba haitoki, na mimi sikuitoa. Lakini ilikoenda baada ya mimi kubonyeza kile kitufe, nitajuaje? Luan akaona uso wangu.

"Unaona," akasema. "Hata mwenyewe hujui."

"Nachojua ni kwamba mna watoto wa umri wa chekechea hapa chini. Pale juu kuna jiko, kuna mwalimu, kuna maziwa. Likifungwa, hata mkitaka mwakani halitakuwepo."

"Na majina yao wataandika?"

"Wataandika kwenye daftari la mwalimu."

"Basi hapana."

Akarudi kwenye bati lake, akaanza kugonga misumari kwa nguvu kuliko misumari inavyohitaji. Nikageuka niondoke. Zamira ndiye aliyeniita, kapu la nguo kiunoni.

"Rigers, subiri. Yule mama ana watoto wangapi kwenye karatasi yake?"

"Kumi na wanne."

"Ana majina?"

"Hana. Sensa haimpi majina. Ana namba tu."

"Na darasani wapo?"

"Wanne."

Akafikiri kidogo, anahesabu kwa midomo. "Huku chini wa umri huo wako saba, na wangu wawili wakiwemo. Wakienda, hatujafika hata kumi na wanne. Kwa hiyo yeye ataandika nini kipya? Hawaongezeki. Wanaingia kwenye nafasi zilizokwisha kuandikwa."

Nyundo ikanyamaza juu.

"Nafasi za nani?" Luan akauliza.

Mimi nikatazama mbuzi.

"Asiseme, namjua," Zamira akasema. "Wako kule juu, wenye dubu balkoni. Naenda kuwasafishia madirisha kila Julai, natandika vitanda. Vitanda vya watoto visivyolaliwa nimevihesabu zamani."

Luan hakukubali bure. Masharti yake: hakuna cheti cha nyumba, hakuna ramani, hakuna kusema nani anaishi nyuma ya nani. Kadi ya kliniki peke yake, kwa sababu nesi huwachanja watoto wote na hajawahi hata siku moja kuuliza kibali cha ukuta. Nikampelekea mwalimu Liljeta habari. Akasema kadi ya kliniki inamtosha kuanzia, cheti cha kuzaliwa watamdai baadaye, na yeye akidaiwa huwa anasahau. Halafu akaniuliza, "Zamira kajuaje mambo ya nafasi? Umemwambia?" Nikasema hapana. Akanitazama, kisha akasema, "Haya."

Alhamisi mvua ilirudi. Saa mbili na nusu walipanda kutoka mtoni, kina mama watatu na watoto saba, wameshikana mikono kama wanavuka mto wenyewe. Luan alikuja nyuma yao, akabaki ng'ambo ya barabara chini ya mti wa mlozi anavuta sigara, anatazama gari lolote linalopita. Watoto wakavua buti zenye tope, wakazipanga. Viatu vya sufu vya ndani hawakuwa navyo. Waliingia na soksi, nyingine mbichi.

Jozi kumi na moja. Nilizihesabu mara mbili.

Evisa alifika saa tatu. Akahesabu kutoka kushoto, akahesabu kutoka kulia. Halafu akainama, akachukua buti moja, akaigeuza.

"Tope jeusi," akasema. "Huku juu kwenu kote changarawe."

Akatoa karatasi ya pili, ambayo mara ya kwanza hakuionyesha.

"Namba zinakuja kwa maeneo ya kuhesabia. Gurishtë mna mawili. Eneo la juu, kumi na wanne. Eneo la mtoni, sifuri." Akanigeukia. "Sifuri, kaka. Na leo sifuri imekuja na buti saba. Unanionaje mimi, Rigers? Ninafanana na mtu wa kubabaishwa?"

Ng'ambo ya barabara Luan alitupa sigara. Zamira akamshika mwanawe mdogo begani, tayari kumtoa. Nikaona darasa linaondoka mbele ya macho yangu, na basi la tarehe mbili linaondoka nalo.

"Niliandika nilichoambiwa," nikasema. "Juu waliniambia wapo. Chini waliniambia hawapo. Vyote viwili nilijua sivyo, nikaandika. Nani alisema nini sitakwambia. Andika hiyo barua."

"Nitaiandika."

"Lakini hawa wamesimama hapa. Hawa wahesabu."

Alitaka kunijibu, ila macho yake yalienda nyuma yangu. Bibi Hava alikuwa anapanda ngazi za kibaraza, mwavuli mkono mmoja, mfuko wa nailoni mkono mwingine. Hakumsalimia mtu. Akafungua mfuko, akatoa jozi tatu za viatu vya sufu, vipya, vyekundu na mstari mweupe, akavipanga kwenye ubao pembeni ya yale mabuti.

"Kumi na nne," akasema. "Sasa mwacheni mwalimu."

Kumbe ndicho alichokuwa anafuma.

Evisa akachukua kimoja, akageuza soli. Safi, haijagusa sakafu.

"Wenyewe wako wapi, bibi?"

"Wametoka."

"Wanarudi lini?"

Bibi Hava akatazama mvua, akatazama ubao. Uongo mwingine wote alikuwa nao tayari, hili swali hakulitegemea.

"Agosti," akasema.

Mwalimu Liljeta alifunika mdomo. Evisa hakucheka, sijui kwa nini. Aliendelea kukishika kile kiatu, hajui akiweke wapi. Na hapo hapo yule mdogo wa Zamira, Bleona, miaka mitatu, soksi zinaacha maji sakafuni, akapita katikati ya miguu yetu, akakaa chini, akavuta kimoja cha vile vyekundu, akaanza kuvaa.

"Hicho ni cha Emili," Bibi Hava akasema kwa ukali.

Bleona akavuta zaidi.

"Bleona, vua," Zamira akasema. "Vua, tunaondoka."

"Hata kuvaa hajui," Bibi Hava akasema. "Huo ni mguu wa kushoto, huo." Akaweka mwavuli chini, akapiga goti moja kwa shida, akamvua ile soksi mbichi, akaikamua nje ya kibaraza, akamvisha kiatu mguu unaohusika. Halafu akamnyang'anya Evisa kile cha pili akamvisha nacho. Alipoinuka alimtazama Zamira machoni.

"Usifikiri nimempa. Nimemwazima mpaka Agosti."

"Nimekusikia, bibi."

"Na madirisha yangu mwaka huu uliacha michirizi."

"Nitayarudia."

Evisa akaingia ndani hatimaye, akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kidevuni, akaandika. Tulisimama tunamwangalia mkono. Aliandika kumi na moja. Nilisoma kichwa chini miguu juu.

"Darasa linabaki mpaka kiangazi," akasema. "Jiko jipya na msaidizi, sahauni. Siwezi kumpelekea meya mpango wenye watoto kumi wasio na miguu huku juu, na kule chini miguu kumi na minne isiyo na mtoto. Nahitaji orodha ya kweli, nyumba kwa nyumba, kabla ya tarehe ishirini Novemba. Bila hiyo mwakani namba za sensa ndizo zitakazoamua, na zitaamua vibaya."

"Nani ataifanya?" mwalimu akauliza.

Evisa akanitazama mimi.

"Hapana," nikasema. "Naondoka tarehe mbili."

"Barua ninayo hapa." Akagusa mkoba. "Orodha ikinifika na ikiwa safi, nitaona kama bado nina bahasha."

"Mtume mtu mwingine."

Zamira alikuwa mlangoni anawavua wengine soksi. "Mtu mwingine tukimwona barabarani tunafunga," akasema. "Huyu angalau tunajua akidanganya anafananaje."

Nilifikiri atacheka. Hakucheka. Na Luan, ng'ambo ya barabara, alikuwa bado hajaondoka.

Sina la kujisifia. Nilimpigia binamu, akanitukana, akasema nafasi ataishikilia mpaka Desemba, siamini. Tiketi niliibadilisha, nikaisogeza mbele. Evisa akanipa karatasi za kawaida, safari hii hakuna kishikwambi, na kwa kalamu yake akachora safu mbili: waliopo, na walio mbali. Hiyo ya pili haikuwa ya manispaa. Aliichora mwenyewe baada ya kunisikiliza, tena akaniambia kwa meya itakatwa.

Nilianza kwa Bibi Hava. Alinisimamisha mlangoni.

"Umekuja kuizima?"

"Nimekuja na safu mbili, bibi. Hii ya waliopo. Hii ya walio mbali."

"Hii ya pili ni ya wafu?"

"Ya walio mbali. Imeandikwa juu, soma."

Hakuwa na miwani, akamwita mzee wake asome. Mzee akasoma. Bibi akamwambia arudie. Akasoma tena. Ndipo akanifungulia, akaleta kahawa.

"Andika watatu," akasema. "Na penseli kidogo pembeni. Mke wa Gëzim ana mimba."

Mtoni nilikaa siku nne. Luan alitembea na mimi nyumba zote, hatua mbili nyuma yangu, na kila nilipoandika alichungulia begani. Alipokuta hakuna swali la kuta alipindua karatasi kuangalia upande wa nyuma. Watoto walitokea kidogo kidogo, hata wachanga, hata mapacha ambao nilikuwa siwajui kabisa na kijiji hiki nimezaliwa.

Kwetu niliacha mwisho. Mama alikuwa kwenye kochi, Ajla anapanga vifungo vya shati sakafuni.

"Waliopo," nikasoma.

"Unatujua, andika."

Nikaanza. Yeye hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama mlangoni. Raba zangu nilikuwa nimeziosha tangu Oktoba, nikazijaza magazeti zisipoteze umbo, nikaziweka nyuma ya za Marsela nikidhani hazionekani.

"Na wewe utajiandika safu gani?"

"Hii ni ya watoto, mama."

"Sijakuuliza ni ya nani."

Nikasema ngoja kwanza nimalize Ajla. Nikaandika: Ajla, miaka minne, yupo. Mama akanyoosha mkono. Nilidhani anataka nimsaidie kuinuka. Alichukua ile karatasi, akaenda nayo dirishani kwenye mwanga, magoti yake na yote, akaisoma mwenyewe, kidole kwenye kila mstari wa safu zote mbili, kama anayetafuta jina langu.